Mwalimu Akaa Kando ya Uwanja

Wengi wenu hamjapata kuona mchezo wa kriketi, kwani katika Kongo yetu mpira wa miguu umeshika mioyo ya watu. Ni mchezo wa Waingereza. Mmoja arusha mpira mdogo mgumu, mwingine aupiga kwa gongo pana la mti, kisha yeye na mwenzake wakimbia kubadilishana nafasi, na kila mkimbio huhesabiwa. Twataka kunena habari za mtu aliyeujua mchezo huo kwa mikono yake, halafu akatakiwa kuufundisha kwa maneno.

Ndiye Sandeep Patil, mzaliwa wa Bombay, mji uitwao leo Mumbai. Mwezi wa Januari 1981, huko Sydney katika Australia, mpira ulimpiga karibu na sikio akaanguka. Mwezi ule ule, mjini Adelaide, alisimama tena mbele ya Waaustralia wale wale, akapata mikimbio 174. Na mwaka 1983 alikuwa mmoja wao walioipatia India Kombe la Dunia mjini London.

Lakini sisi tushikao chaki twajua neno moja: aliyejaliwa wepesi wa mikono hawi mwalimu mwema kwa sababu hiyo tu. Mara nyingi hamwelewi mtoto asiye nao. Tena kocha hukaa kando ya uwanja. Akiona kosa, hawezi kulishika gongo mwenyewe. Mwaka 1996 Bwana Patil alipewa kuifundisha timu ya India, na kazi hiyo haikudumu. Baadaye akaenda Kenya, kwa wachezaji ambao mataifa makubwa hayakuwahesabu.

Tarehe 24 Februari 2003, mjini Nairobi, Kenya ilipambana na Sri Lanka, iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1996. Wakenya walipata mikimbio 210 tu. Ndipo Collins Obuya, kijana wa miaka 21, akaanza kurusha mipira yake ya polepole izungukayo, akawatoa wapigaji watano. Sri Lanka ikakomea 157. Kweli, bahati nayo ilisaidia katika mashindano yale: New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi bila kucheza. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe zilishindwa uwanjani.

Basi Kenya ikafika nusu fainali, mjini Durban, tarehe 20 Machi. Na adui wa siku ile alikuwa nani? India! Wengine watauliza moyo wa mwalimu ulikuwa upande gani. Kwetu sisi swali hilo si gumu: mwalimu ni wa wanafunzi wake mpaka kengele ya mwisho, hata kama mbele yao wamesimama ndugu zake. India ilishinda kwa mikimbio 91.

Mwaka ule ule Bwana Patil aliondoka Kenya. Yaliyofuata yatusikitisha. Wachezaji na viongozi wa chama waligombana juu ya malipo, na vijana wapya hawakuandaliwa vya kutosha kushika nafasi za wakubwa. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza haki yake ya kuhesabiwa katika michezo rasmi ya kimataifa ya siku moja, ndiyo michezo ile ile iliyowafikisha Durban.