Shabaha Iliyosimama Inakudanganya, Buda

Nianze na ile kitu itaudhi watu: wasee wengi wenye leseni ya bastola hapa Nairobi hawajui kulenga. Wanajua kutoboa karatasi. Hizo ni vitu mbili tofauti.

Nasema hivi na sina bunduki. Sina leseni, siitafuti, na bastola ikiwekwa mezani mikono yangu huenda mfukoni yenyewe. Mimi mambo yangu ni vyuma. Niliacha uhandisi mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku ingine, msinianze), na mjomba wangu, ambaye ana leseni na hushindana kulenga shabaha, akaniambia basi kama darasa limenishinda, nimtengenezee shabaha inayosogea. Nadhani alikuwa ananichokoza. Nikaenda Kamukunji.

Fundi alinichomelea stendi. Juu yake bomba la mita moja na nusu, limeshikwa katikati na beringi mbili za boda zilizochoka. Upande wa juu unaweka katoni, upande wa chini mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Unaivuta kando, unaizuia na pini yenye kamba. Kamba ikivutwa, bembea inaanza. Kwa mashindano, kamba hufungwa kwa bamba la chuma: mpigaji akiliangusha, anajiamshia shida mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikimbia kama matatu ya Rongai. Nikaongeza saruji nikidhani itatulia. Ikazidi. Kumbe lile somo la pendulamu lilinidanganya. Tuliambiwa uzito hauna maana, ni urefu tu, kwamba uzi wa mita moja huenda na kurudi kwa sekunde kama mbili. Sawa, lakini hiyo ni jiwe kwa uzi. Hapa kuna mzigo pande zote za mhimili. Ukizidisha wa chini, bembea inarudi kwa hasira. Ukisogeza mkebe juu, karibu na mhimili, inaanza kwenda polepole kama mlevi. Hiyo nilijifunza na grisi mikononi, tukirusha machungwa mabovu kama risasi. Gharama yote ilikuwa elfu nne na mia tano, na kati ya hizo elfu moja na mia tano ni za fundi.

Sasa sikiliza. Bembea haina mwendo mmoja. Katikati inapita mbio, pembeni inasimama kidogo kabla ya kurudi. Mtu wa karatasi huifukuza na mtutu. Anayejua anangoja pembeni. Na pale katikati ndipo unasimamisha katoni nyeupe, ile hairuhusiwi kupigwa. Sisi tunaiita mama mboga. Kwa mashindano ya IPSC, yale yaliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1976, risasi nzuri kabisa inakupa pointi 5, lakini ukigusa nyeupe unatolewa 10. IDPA wanakuongezea sekunde 5. Yaani hata kwa mchezo, kumgonga mama mboga kunauma kuliko raha ya kupiga vizuri.

Mjomba, bingwa wa karatasi, alifika kiwanjani na kiburi chote. Risasi sita. Mbili kwa shabaha, moja kwa tuta la udongo, tatu kwa mama mboga. Alinyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Hiyo kimya ndiyo nataka wengine waisikie. Mtaani kwetu kuna dada anatembea na mkongojo. Jioni moja alikuwa ananunua chapo, ugomvi wa baa ukamfikia barabarani. Aliyefyatua alikuwa na leseni, makaratasi yote safi. Alijitetea kwamba aliyemlenga alikuwa anakimbia. Kwani ulitarajia asimame akungoje kama katoni?

Najua mtaniambia nafunza wahuni. Manze, mhuni haendi kiwanjani kuandikisha jina na kusimamiwa. Na wewe mwenye kufikiria kuweka hii kitu nyuma ya nyumba ya mamako, wacha. Hata kwa bunduki ya hewa, wacha. Sheria ya bunduki, Sura ya 114, haina utani, na risasi ikikosa katoni haijui ploti yako inaishia wapi. Hii ni ya kiwanja kilichoruhusiwa, chenye tuta nyuma na msimamizi. Bomba la juu tulilibadilisha na ubao, chuma chote kikabaki chini nyuma ya magunia ya mchanga. Magunia, si matairi. Tairi linaweza kukurudishia risasi.

Wale wananikera zaidi ni wazee wa kiwanja fulani, sikitaji. Tuliwapelekea bembea bure. Bure! Wakasema haipendezi, wangoje kuagiza za nje. Huu ni mwaka wa pili wanangoja. Wakati huo wanachama wanapiga karatasi iliyosimama, wanapigwa picha na miwani nyeusi, halafu jioni wanaenda kuketi kwa baa na ile kitu kiunoni. Beringi ya boda iliyochoka inawaaibisha, lakini kumkosa mtu anayekimbia na kumpata anayenunua chapo, hiyo hawajawahi kuijadili kwa mkutano.

Mjomba amebadilika. Jumamosi anataka bembea ya pili, na ameomba mama mboga wawe wawili, mmoja kila upande, ili ile nafasi ya kungoja pembeni ipotee. Nilimuuliza sasa atapiga saa ngapi.

Akasema, "Pengine sitapiga."

Nimeshanunua mkebe.