Mtoto Akitaka Kusomea Filamu Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni huanza mashauriano ya kifamilia. Mtoto aliyefaulu huulizwa anataka kusomea nini. Akitaja udaktari, sheria au uhasibu, wazee hufurahi na kumwombea heri. Akitaja utayarishaji wa filamu na televisheni, baraza zima hunyamaza. Kisha mjomba mmoja huuliza: "Hivi hayo ya Bongo Movie nayo yanahitaji digrii?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kudharauliwa. Mjomba anasema aliyoyaona. Tangu ilipotoka filamu ya Girlfriend mwaka 2003, vijana wa Sinza, Magomeni na Mwananyamala wametengeneza filamu nyingi mno, na walio wengi miongoni mwao hawakukanyaga darasa lolote la fani hiyo. Walijifunza katika makundi ya maigizo kama Kaole, ambalo michezo yake ilitazamwa na taifa zima kupitia ITV. Marehemu Steven Kanumba alitoka katika kundi hilo. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, viwanja vya Leaders pale Kinondoni vilifurika waombolezaji kiasi ambacho viongozi wachache wa nchi hii wamewahi kukipata. Ikiwa kijana wa Shinyanga aliweza kufika huko kwa kipaji na bidii, ada ya miaka mitatu inalipwa ya nini?

Jawabu letu ni kwamba kipaji hakikukosekana hata siku moja. Kilichokosekana ni elimu ya kazi yenyewe, na upungufu huo ndio uliowafukarisha wenye vipaji. Tukumbuke jinsi biashara ile ilivyoendeshwa. Filamu ilipigwa kwa siku chache katika nyumba ya kuazima, ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, kisha mwenye filamu akamuuzia msambazaji haki zote kwa mkupuo mmoja. Fedha ikaliwa, na filamu ikawa si yake tena. Miaka ikapita, ving'amuzi vikaingia majumbani baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, simu za mkononi nazo zikageuka kuwa sinema, na soko la DVD likaporomoka. Filamu zile zile zikaendelea kutazamwa, lakini aliyezitengeneza hakuwa na chochote cha kudai, kwa sababu alikwisha kutia sahihi.

Mwaka 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela. Walikuwa na haki ya kulalamikia nakala zisizolipiwa kodi wala hakimiliki. Lakini hata kama kila nakala ya filamu ya Kihindi na ya Kikorea ingeondolewa mitaani siku ile, mikataba yao isingebadilika hata nukta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Ni wangapi kati yao walikuwa wameisoma?

Wengi wetu tunadhani kwamba kusomea filamu ni kufundishwa kubonyeza kitufe cha kamera. La hasha. Kitufe hufundishwa kwa wiki moja, na siku hizi kila simu ina kamera. Natutazame mfano wa kwetu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la jeshi pale Mbagala. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikaharibika, watoto wakapotezana na wazazi wao wakikimbia bila kujua wanakokwenda. Wapo majirani zetu ambao hadi leo mlango ukibamizwa kwa nguvu hushtuka. Tuseme binti wa Mbagala, ambaye siku ile alikuwa mgongoni mwa mama yake, anataka kulisimulia tukio hilo kwa filamu. Aanzie wapi?

Itambidi kwanza atafute picha zilizopigwa siku ile, ajue ziko kwa nani na kwa ruhusa gani atazitumia. Itambidi aketi na mama aliyefiwa na kumuuliza bila kumtonesha kidonda, na ajue wakati wa kuizima kamera. Itambidi apime kauli za mashahidi wawili zinapopingana. Anahitaji kibali, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ina masharti yake. Anahitaji bajeti ambayo mfadhili akiisoma hataicheka. Kisha akiisha kukusanya saa 40 za mazungumzo, akae wiki nyingi mbele ya kompyuta akizipunguza hadi zibaki dakika 60 ambazo mtu wa Mwanza asiyeijua Mbagala atazielewa. Hapo bado hatujataja sauti. Anayeishi Temeke anajua kelele za kwetu zilivyo: bodaboda, mashine ya kusaga, redio ya jirani. Kunasa maneno ya mama anayezungumza kwa sauti ya chini katikati ya vurugu hiyo ni taaluma kamili, na filamu zetu nyingi zimeangukia hapo. Mtazamaji husamehe picha yenye giza. Maneno asiyoyasikia huyaachia njiani na kwenda kulala.

Iko hofu nyingine ambayo wazazi huitaja kwa sauti ya chini, nayo ni hofu ya maadili. Mzee mmoja wa Tandika alituambia kwamba hana ugomvi na kamera, ila hataki binti yake aingie katika watu wasio na haya. Tunamwelewa. Mavazi na maneno ya baadhi ya filamu zetu hayatazamiki mbele ya wakwe. Hata hivyo, watu wenye haya wakiikimbia kazi hii wote, itabaki mikononi mwa nani? Televisheni haitazimwa kwa kuwa sisi tumeichukia. Nyumba zetu hizi hizi jioni hukaa kimya zikifuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na wajukuu wanazijua familia za Istanbul kuliko wanavyowajua shangazi zao wa Rufiji.

Wengi wetu tumeiona filamu ya Risala, inayosimulia mwanzo wa Uislamu, tena wengine tumeiona zaidi ya mara moja. Aliyeitengeneza, Moustapha Akkad, alikuwa kijana wa Aleppo, Syria, aliyekwenda Marekani kusomea filamu katika chuo kikuu huko California. Filamu ilitoka mwaka 1976, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila lugha na waigizaji wake, na ndani yake Mtume (s.a.w.) haonekani wala hasikiki. Kuiongoza hadithi ya zaidi ya saa mbili na nusu ambayo mhusika wake mkuu haonyeshwi kabisa, na mtazamaji asichoke, ni kazi ya mtu aliyesoma akasomeka.

Lakini tusiwapambe watu wa vyuo. Nchi hii ilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania tangu mwaka 1968, na hatukuilinda, leo haipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kinafundisha tangu mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha filamu na televisheni, na mmoja wa waliowahi kufundisha pale, Amil Shivji, ndiye mwongozaji wa Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kupelekwa hadi tamasha la Toronto. Matunda hayo tunayaona. Pamoja na hayo, wapo wahitimu wa fani hii ambao wanaweza kueleza historia ya sinema ya Ulaya kwa ufasaha, ila ukimpa mmoja wao kipaza sauti na kumwambia akanase mahojiano sokoni Tandika, anakuangalia. Mzazi aliyeuza kiwanja kulipa ada ana haki ya kukasirika.

Kwa hiyo mjomba asiishie kuuliza sebuleni. Kabla fomu haijajazwa, apande daladala hadi Mlimani, au Bagamoyo, au chuo chochote kilichotajwa, akaulize mwenyewe: kamera ni ngapi na wanafunzi ni wangapi, nani anafundisha sauti na amefanyia kazi filamu gani, somo la mikataba limo au halimo, na kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu huonyeshwa wapi, na mbele ya nani. Tena aombe kuiona moja.