Kipeperushi cha Kwanza

Mama mpendwa, ikiwa wateja wa keki zako wameanza kuuliza, "Huna karatasi tukaione nyumbani?", usiende kwa mbunifu mikono mitupu. Mimi nilikwenda na albamu ya picha tu. Maneno akayatunga yeye, kijana wa watu ambaye hajawahi hata kuonja keki yangu. Angeandika nini?

Karatasi ya A4 ikikunjwa sehemu tatu hutoa kurasa ndogo sita. Zipange kwanza nyumbani kwa penseli: jina, aina za keki, bei, jinsi ya kuagiza. Herufi na rangi mwachie yeye. Picha usimtumie kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hupungua ubora. Mtumie kama faili. (Hapo watoto watakusaidia.)

Kisha, kabla hujakubali, omba nakala moja iliyochapwa, uisome kwa kidole. Mimi nilitazama kwenye kioo cha kompyuta nikasema, "Imependeza!" Vipeperushi 500 vikatoka na tarakimu moja ya simu imekosewa. Nilipotafuta daftari nililompa, kosa lilikuwa la mwandiko wangu mwenyewe. Usiku ule mimi na baba watoto tuliketi mezani na kalamu nyeusi, tukasahihisha kimoja kimoja.