Usimwambie Mtoto "Kaza Moyo": Maumivu Baada ya Upasuaji na Wajibu wa Mzazi

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana wetu wanafunzi, makala hii nimeiahirisha mara mbili kwa sababu kosa ninalolikemea humu nimelifanya mwenyewe. Lakini nikinyamaza, na wewe utalifanya, na mwanao ndiye atakayelipa.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka sita alipofanyiwa upasuaji wa ngiri. Tulitoka Abuku alfajiri kwa bodaboda, tukafika hospitali ambayo sitaitaja. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi. Dawa ya usingizi ilipoisha, mtoto akaanza kulia. Nami nikafanya nini? Nikamkaripia: "Nyamaza! Kaza moyo! Mwanamume halii." Mama wa kitanda cha jirani akanisaidia: "Ukiendelea kulia, daktari atakuja na sindano kubwa." Mtoto akanyamaza, na mimi nikajiona baba hodari. Sikuona kwamba alikuwa anatetemeka, ameushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Upande wa pili wa wodi kulikuwa na bibi mmoja, habuba kama wasemavyo Wanubi, anamuuguza mjukuu wake aliyepasuliwa tumbo. Alikuwa anamsimulia habari za sungura na fisi. Akifika mahali patamu alikuwa anakatiza na kuuliza: "Hebu sema, fisi akafanya nini?" Binti anajibu kwa sauti ndogo. Akikosea, bibi anacheka na kuendelea. Baada ya muda nikaona mwanangu amegeuza kichwa upande wao, na mikono yake imeuachia ukingo wa kitanda. Hadithi ilipokwisha akaniuliza: "Baba, yule fisi akaenda wapi?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aamke ambalo halikuhusu maumivu.

Yule bibi hajui kusoma. Mimi nina cheti changu ukutani. Lakini siku ile yeye alimpa mtoto wangu nafuu, nami nilimpa kitisho.

Ninachosema leo ni hiki: kuishughulisha akili ya mtoto anayeumwa baada ya kupasuliwa, kwa hadithi, mchezo, kisomo au mazungumzo, ni sehemu ya matibabu, tena ni wajibu wa mzazi. Sote tunazijua hoja za wanaopinga, kwa hiyo na tuzijibu moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: "Maumivu ni maumivu, hadithi haiondoi kitu"

Anayesema hivi anadhani maumivu yanakaa kwenye kidonda peke yake. Sivyo Mwenyezi Mungu alivyoumba mwili. Habari ya maumivu husafiri kutoka kidondani, hupita uti wa mgongo na kufika ubongoni, na njiani inaweza kupunguzwa au kuongezwa. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, na ubongo wenyewe unaweza kusaidia kulifungua au kulifunga.

Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwawekea watu joto la kuuma mkononi huku wamewapa kazi ngumu ya kukumbuka herufi. Picha zikaonyesha kwamba akili ilipokuwa imeshughulika sana, ishara za maumivu zilipungua huko huko kwenye uti wa mgongo. Na walipopewa dawa inayozuia zile kemikali za mwili zinazofanya kazi kama afyuni, nafuu ile ilipungua. Maana yake ni kwamba mwili una duka lake la dawa, na akili iliyoshughulika inasaidia kulifungua.

Na watoto je? Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa hospitali ya watoto ya Lurie, Chicago. Watoto wapatao 60 wa miaka 9 hadi 14, waliokwisha kufanyiwa upasuaji, walivalishwa spika za masikioni kwa nusu saa. Wengine walisikiliza nyimbo walizochagua wenyewe, wengine kitabu kinachosomwa kwa sauti, na wengine hawakusikia kitu. Wa makundi mawili ya kwanza maumivu yalipungua. Wale walioachwa na ukimya hayakupungua. Zingatieni, enyi mnaobishana kila siku juu ya muziki: hadithi ilisaidia kama nyimbo zilivyosaidia. Basi ubishi wa muziki usiwe kisingizio cha kumwacha mtoto alie.

HOJA YA PILI: "Mtoto wa kiume lazima azoee"

Hii ndiyo hoja kubwa kwetu West Nile, na inavishwa kanzu ya dini. Tunasema tunamfundisha subira. Subhanallah! Kalamu imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, kama ilivyothibiti katika hadithi. Sala yenyewe hajafaradhishiwa, wewe unamfaradhishia subira ambayo watu wazima wengi imetushinda?

Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi kwa kufiwa na mwanawe Ibrahim. Alikuwa akisikia mtoto analia msikitini, anafupisha sala kwa kumwonea huruma mama yake. Al-Aqra bin Habis alipojisifu kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, hakupewa pongezi za uanaume. Aliambiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Sasa sisi tunamfuata Mtume au tunamfuata al-Aqra kabla hajafundishwa?

Tena kunyamaza si kupona. Mtoto aliyetishwa akanyamaza huogopa kukohoa, huogopa kuvuta pumzi ndani, huogopa kuamka kitandani. Asiyevuta pumzi vizuri baada ya upasuaji wa tumbo yumo katika hatari ya kupata tatizo la mapafu. Na mara nyingine akimwona mganga anakimbia, na mzazi anashangaa: "Mtoto huyu ana nini?"

Msidhani ujinga huu ni wetu peke yetu. Hadi miaka ya 1980 mabingwa wa nchi tajiri waliwapasua vichanga kwa dawa ndogo sana ya maumivu, wakiamini kwamba hawaumii kama wakubwa. Mwaka 1987 ndipo daktari Anand na wenzake wa Oxford walipoonyesha kwamba mwili wa kichanga hupata mshtuko mkubwa, na kwamba waliopewa dawa ya kutosha walipita salama zaidi. Wao wamejirekebisha. Sisi tunangoja nini?

HOJA YA TATU: "Hospitali si mahali pa mchezo"

Nani kasema? Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi aliyeizuru katika karne ya 17 alieleza kwamba wagonjwa waliliwazwa kwa sauti za ala, maua na maji yanayotiririka. Hao ni Waislamu, miaka zaidi ya 500 iliyopita. Na hapa kwetu Uganda, mwaka 2021 ilifunguliwa Entebbe hospitali ya bure ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, na waliosanifu jengo walihakikisha kuna bustani na mahali pa kuchezea. Wangeweza kuijaza nafasi hiyo vitanda, lakini walijua kwamba mchezo nao ni tiba.

Na kabla ya hao wote, Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto mdogo, Abu Umair, ana huzuni kwa sababu ndege wake amekufa. Hakumwambia "kaza moyo". Alimtania kwa upole na kumwuliza habari za ndege wake. Kiongozi wa umma mzima alipata nafasi ya kuzungumza na mtoto juu ya ndege, wewe huna nafasi ya kuzungumza na mwanao juu ya mbuzi wake aliyemwacha Abuku?

HOJA YA NNE: "Basi kama hadithi inatosha, dawa ya nini?"

Hapa nageukia upande wa pili, maana hawa nao ni hatari. Hadithi haichukui nafasi ya dawa. Asiseme mtu yeyote, awe mzazi aliyechoka au mhudumu ambaye kabati lake ni tupu, kwamba mtoto apewe kikaragosi badala ya parasetamoli. Dawa ni haki yake. Itolewe kwa kipimo cha uzito wake na kwa saa zilizoandikwa, si kungoja mpaka apige kelele. Usimkatie kidonge kwa kukisia, wala usimpe mtoto aspirini kwa sababu tu iko nyumbani.

Na maumivu yakiwa makali, uliza. Uganda ni nchi iliyowaonyesha wengine njia katika jambo hili: mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya maji, ambayo shirika la Hospice Africa Uganda lilianza kuitumia nchini tangu 1993. Kuuliza si utovu wa adabu. Na kama maumivu yanazidi siku baada ya siku, mshono unavimba, unatoa usaha, au mtoto ana homa, acha hadithi, mrudishe hospitali mara moja.

TOHARA: KISU NA UONGO

Wengi wetu upasuaji tunaoujua zaidi ni tohara. Tangu mwaka 2010 serikali ina sera ya tohara salama katika vituo vya afya, yenye ganzi na vifaa safi. Lakini mazoea yetu yamebaki yale yale. Mtoto anaambiwa "tunakwenda kununua soda", halafu anajikuta ameshikwa miguu na wajomba wanne. Wakubwa wanacheka, na kisu anakiona.

Mtume (s.a.w.) alipomwona mtu ananoa kisu huku kondoo aliyelazwa anatazama, alimkemea, akamwuliza kama anataka kumuua mara mbili. Ameipokea al-Hakim kutoka kwa Ibn Abbas. Huyo ni mnyama wa kuchinjwa! Je, mwanao hastahili walau heshima ya kondoo?

Na huo uongo wa soda? Abdullah bin Amir amesimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita, "njoo nikupe". Mtume (s.a.w.) akamwuliza mama anataka kumpa nini. Akasema: tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo (Abu Dawud). Kumliwaza mtoto si kumdanganya. Mwambie: "Utapewa ganzi, utahisi kuchomwa kidogo, nami nitakuwa nimekushika mkono." Kisha anza hadithi. Mtoto aliyeambiwa ukweli ndiye anayeweza kukuamini unapomwambia "sasa imekwisha".

TUFANYE NINI?

1. Jiandae kabla ya siku. Mwulize mtoto anataka kwenda na nini: kitabu, gari la waya, mdoli. Anachokichagua mwenyewe kina nguvu kuliko unachomchagulia.

2. Hadithi iwe ya kujibizana. Katiza, uliza, kosea makusudi ili akusahihishe. Akili inayojibu haina nafasi kubwa ya kusikiliza kidonda.

3. Mapovu ya sabuni. Kikonyo cha jani la mpapai na maji ya sabuni kikombeni vinatosha. Anayepuliza mapovu anavuta pumzi ndefu bila kulazimishwa.

4. Kisomo na dua. Weka mkono wako karibu na panapouma, bila kugusa mshono, sema Bismillah mara tatu na dua iliyothibiti katika Sahih Muslim. Msomee sura anayoijua na mwachie amalizie aya.

5. Simu ni msaada, si yaya. Mwekee kaswida au katuni, lakini kaa naye mtazame pamoja. Ikizimika chaji, wewe usizimike.

6. Wakati wa kubadilisha bandeji, mmoja asaidie muuguzi na mwingine ashike macho ya mtoto. Wote wawili mkitazama kidonda, na yeye atakitazama.

7. Akilia, alie. Mkumbatie, kisha uendelee na hadithi.

Wanafunzi wetu, hili ni lenu pia. Mnasema hamna pesa za kutoa sadaka. Jumamosi moja nendeni wodi ya watoto, mwombeni muuguzi ruhusa, msimulie hadithi mbili kwa Kikakwa, Kinubi, Kilugbara au Kiswahili. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na hakuna aliyeandika kwamba mgonjwa lazima awe mkubwa.

Mwanangu sasa ni kijana. Upasuaji wenyewe haukumbuki vizuri. Anakumbuka mambo mawili: hadithi ya fisi, na kwamba baba alimkaripia. La kwanza alipewa na mwanamke asiyemjua. Nimemwomba radhi kwa la pili. Ninyi bado mna nafasi ya kutohitaji kuomba.

Wabillahi tawfiq.