Kamera ya Bei Nafuu na Kilichofungiwa Ndani Yake

Katika mji wetu wa Tanga, kazi ya kupiga picha za harusi imewafungulia mabinti mlango wa riziki. Shughuli za kina mama hazimpokei mpiga picha wa kiume, hivyo binti mwenye kamera huitwa Ngamiani na Makorora, hata Muheza na Pangani. Wazazi wengi humkusanyia mtaji kwa fedha za upatu, kisha huelekea dukani kutafuta kamera ya bei ya chini kabisa. Kabla fedha hizo hazijatoka mkononi, tunaona inafaa wafahamu namna watengenezaji wanavyozipanga kamera zao kwa madaraja.

Mnunuzi hudhani kwamba kamera ya daraja la chini ni nafuu kwa kuwa imeundwa kwa vitu hafifu. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2018 kampuni ya Canon ilitoa EOS 4000D, na pete inayoshika lenzi ikawa ya plastiki badala ya chuma. Punguzo la namna hiyo mtu huliona kwa macho na kulishika kwa mkono.

Nusu ya pili imejificha. Mwaka 2003 kampuni hiyo hiyo iliuza EOS 300D kwa dola 899 bila lenzi, ilhali 10D, iliyotoka mwaka huo huo, iliuzwa dola 1,499. Zote mbili zilikuwa na megapikseli 6.3. Baadaye watumiaji wajuzi waliibadilisha programu ya 300D, na baadhi ya uwezo uliodhaniwa haumo ukajitokeza. Ni mfano wa mpangaji aliyekodishwa nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa kimetiwa kufuli. Kwani lau kamera ya chini ingefanya yote, nani angeongeza fedha kwa ajili ya ile ya juu?

Kuuza bidhaa ya daraja la chini si dhuluma, maadamu hali yake haikufichwa. Madhara humfika mnunuzi asiyejua ni kipi kilichoondolewa. Katika EOS 250D ya mwaka 2019, ile ncha ya katikati pale juu panapopachikwa taa ya flashi haimo, na flashi za kawaida zinazoitegemea ncha hiyo haziwaki. Binti aliyemaliza akiba yote kwa kamera, kisha akaazima flashi ya zamani, atalijua hilo ukumbini usiku, bibi harusi akiingia. Nayo 4000D haina tundu la maikrofoni, basi anayetaka kurekodi video atabaki na sauti ya kipaza kidogo kilichomo ndani ya kamera, pamoja na kelele zote za ukumbi.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi waanze na kazi yenyewe, ndipo waitazame bei. Nendeni dukani na flashi itakayotumika, ipachikwe na ijaribiwe mbele yenu. Ulizeni kuhusu maikrofoni. Linganisheni na kamera iliyotumika ya daraja la juu zaidi, kwani pengine bei zake zinakaribiana. Kubalianeni na muuzaji kwa maandishi kuhusu kurudisha bidhaa. Kuuliza si ujinga, na harusi ya watu hairudiwi kwa sababu flashi haikuwaka.