Paka Aliyenyamaza Hajapona

“Mwalimu, paka hauguzwi. Mwache ajilambe, atapona mwenyewe. Mungu kamuumba hivyo.”

Aliyesema ni mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, akiwa barazani na wenzake, siku mwalimu mstaafu wa mtaa huo alipopita na kikapu. Ndani yake alilala paka wake wa miaka 13, katoka kupasuliwa asubuhi ile ile. Wenzake wakaitikia. Mmoja akakumbusha kuwa paka ana roho saba. Mwingine akataka kujua kama mwalimu hana wajukuu wa kuwahangaikia. Mwalimu akawaaga kwa adabu, “Haya, wazee wangu, jioni njema,” akashika njia. Adabu ile waliistahili kwa umri wao. Kauli yao haikustahili adabu yoyote.

Kauli hiyo imezagaa kila mahali, mijini na vijijini, na husemwa kwa upole mno hata mtu akadhani ni hekima ya wazee. Si hekima. Ni kisingizio cha kutofanya kitu, na wanaolipia ni wanyama wasio na mdomo wa kujitetea. Paka mzee aliyepasuliwa akiachwa ajilambe, mara nyingi kinachofuata ni mshono kufumuka, usaha, njaa na kifo cha pembeni, chini ya kabati, halafu watu wanasema siku zake zilikuwa zimefika.

Imani yote imesimama juu ya jambo moja: paka halii. Mbuzi akiumia hupiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mbwa huchechemea mbele ya watu akiomba kuangaliwa. Paka hujikunyata, hugeukia ukutani, hunyamaza, na watu wanauhesabu ukimya ule kuwa nafuu. Hapo ndipo kosa lilipo, na neno hili halina budi kurudiwa mpaka liwaingie watu: paka aliyenyamaza hajapona. Kanyamaza tu.

Sababu yake inajulikana. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science ulionyesha kuwa paka wa majumbani kote duniani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, mnyama mdogo anayewinda peke yake. Mnyama wa namna hiyo ni mwindaji na ni windo pia. Akionyesha udhaifu, mkubwa wake atamla, na hana kundi la kumlinda. Kuficha maumivu kumo katika damu yake. Hata ile sauti ya kukoroma kooni, ambayo kila mtu huidhani ni ya raha, paka huitoa pia akiwa mgonjwa na hata akiwa anakata roho. Anayemsikia paka aliyetoka kupasuliwa akikoroma na kusema “huyo kashapona” hajui anachosikia.

Tena wasionewe wazee wa Ngamiani peke yao. Madaktari wenyewe walidanganyika kwa miaka mingi. Uchunguzi miongoni mwa madaktari wa wanyama wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba katika upasuaji wa kutoa kizazi karibu nusu ya mbwa walipewa dawa ya maumivu, lakini kwa paka ilikuwa kama robo tu. Kisu ni kile kile na tumbo hupasuliwa vile vile. Tofauti ilikuwa kwamba mbwa hulalamika.

Ilibidi watu wajifunze kuusoma uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu ya paka kinachotazama mambo matano: masikio, macho, mdomo, sharubu na jinsi kichwa kinavyokaa. Masikio yakiachana na kugeukia nje, macho yakifumbwa nusu, mdomo ukikazwa, sharubu zikinyooka badala ya kupinda kwa ulegevu, kichwa kikishuka chini ya mabega, basi mnyama anaumwa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla 10, na akifika 4 anahitaji dawa. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu akae mbele ya paka na kumtazama, na hilo ndilo wanaosema “mwache” hawako tayari kulifanya.

Mwalimu alilifanya. Paka wake alikuwa amepasuliwa kwa sababu mfuko wa uzazi ulijaa usaha, ugonjwa unaowapata majike wasiotolewa kizazi, hasa wakishakomaa. Homoni za kila msimu huudhoofisha mfuko huo, bakteria huingia, na mlango ukiziba usaha hauna pa kutokea. Dalili zake ni kunywa maji kupita kawaida, kukosa hamu ya kula na tumbo kujaa. Akiachwa ajitibu, sumu huenea mwilini na hufa. Hakuna kulamba kunakofika kwenye mfuko wa uzazi.

Ugonjwa huu unazuilika kabisa kwa kumtoa jike kizazi angali kijana, lakini wale wale wanaosema Mungu kamuumba ajitibu ndio wanaosema kumtoa kizazi ni kuingilia uumbaji. Wakichoka na vitoto, huvitia kwenye kiroba na kwenda kuvitupa soko la samaki. Hapo uumbaji hauingiliwi? Wengine humpa paka vidonge au sindano za uzazi wa mpango za binadamu, zenye homoni zile zile zinazoongeza hatari ya usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti, kisha wanashangaa paka anaumwa.

Usiku wa kwanza mwalimu alimlaza kwenye boksi lenye ukingo mfupi, chumbani kwake, sakafuni, kwa kuwa paka aliyetoka kwenye nusukaputi huyumba na akiruka kitandani huanguka. Kope la tatu, lile jeupe la ndani, lilikuwa limefunika nusu ya macho. Miguu ya nyuma ilikuwa baridi. Dawa ya usingizi hushusha joto la mwili, na paka mzee aliyekonda hulipandisha kwa taabu, kwa hiyo ubavuni mwake kulikuwa na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kanga mara mbili isije ikamchoma. Chombo cha choo hakikuwa na mchanga. Kilikuwa na magazeti yaliyochanwachanwa, maana mchanga hunata kwenye mshono. Taa iliachwa ikiwaka, na kila mwalimu alipoamka kumtazama alimpa maji kidogo. Huko ndiko kuuguza.

Kabla ya hapo alikuwa amepita duka la dawa la mtaani kuuliza kama kuna cha kumwongezea paka ikiwa maumivu yatazidi usiku. Muuzaji, bila kuuliza uzito wala umri, akamwambia ampe nusu kidonge cha Panadol.

Hesabu yake ni hii. Kidonge kimoja kina miligramu 500, nusu yake ni 250. Paka wa mwalimu ana kilo 3, kwa hiyo kila kilo ya mwili wake ingepokea zaidi ya miligramu 80. Mtu wa kilo 60 angelazimika kumeza vidonge 10 kwa mkupuo ili afikie kiwango hicho. Na bado, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama la binadamu. Mabaki yake huharibu chembe nyekundu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, na mnyama hufa akitweta. Ibuprofeni na diklofenaki nazo humtoboa tumbo na kumuua figo. Dawa za maumivu za paka zipo, na daktari alishampa mwalimu ya maji, ya kupimwa kwa bomba dogo la sindano kulingana na uzito, tena baada ya kupima damu kwanza, kwa kuwa hata hiyo humdhuru paka mwenye figo mbovu. Muuzaji aliyesomea dawa za watu anaposhauri kuhusu paka kwa kubahatisha anafanya jambo la kuua, na hakuna anayemuuliza.

Sasa huko kulamba kwenyewe. Ulimi wa paka una vijiba vigumu vilivyopinda kuelekea nyuma, vilivyoumbwa kuchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Ukipita mara nyingi juu ya mshono, nyuzi hulegea na kukatika. Mdomoni mwake wamejaa bakteria, wakiwemo wale wanaofanya mkono wa mtu aliyeng'atwa na paka uvimbe siku ya pili. Ndiyo maana daktari humvisha kola ya plastiki shingoni. Paka wa mwalimu aliikataa, akawa anarudi nyuma nyuma mpaka ukutani na hakula. Mwalimu alipiga simu kuuliza, akaambiwa akate fulana ya zamani ya mjukuu, atoboe matundu manne ya miguu na kuifunga mgongoni. Ikafaa. Mshono ulifunikwa, paka akala.

Kuhusu kula, wapo wanaodhani mgonjwa kutokula ni kawaida, atakula akipata nafuu. Kwa paka hilo ni hatari kubwa. Akikaa siku chache bila chakula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza mpaka likashindwa kufanya kazi. Asipogusa chakula kwa siku nzima baada ya upasuaji, daktari apigiwe simu. Paka hula kwa pua, na chakula kilichopashwa moto kidogo hunukia zaidi. Mwalimu alichemsha changu, akatoa miba yote kwa vidole, akamlisha na supu yake vuguvugu kwenye kiganja. Hakuweka chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu, maana vitunguu vyote viwili huharibu damu ya paka. Majirani waliomletea majivu na manjano ya kupaka kidonda, na mmoja dawa ya maji ya kuulia vijidudu, aliwashukuru na kuviweka kando. Dawa nyingi za aina hiyo zina fenoli, na paka hujilamba, kwa hiyo kinachopakwa kwenye ngozi huishia tumboni.

Hoja wanayoipenda sana wenye imani hii ni ya paka wa mitaani: mbona wale wanapigana, wanachanika, wanapona bila daktari? Hoja hii haifai hata kusikilizwa. Wanaoonekana sokoni ni wale waliobaki. Waliokufa kwa jipu wako kwenye mitaro na nyuma ya vibanda, hakuna aliyewahesabu. Isitoshe, paka wa mtaani hakupasuliwa tumbo na kushonwa. Aliyelitaka tumbo lile lifunguliwe ni binadamu, basi kulichunga mpaka lifunge ni juu yake.

Wengine huleta habari ya pesa: watoto wanakosa dawa, wewe unamnunulia paka. Mwalimu alitumia pensheni yake. Shilingi zile zisingekwenda zahanati hata paka angekufa, na katika waliomsema barazani hakuna aliyeonekana akipeleka dawa kwa mtoto wa mtu.

Na wanaomtaja Mungu wakumbuke mafundisho wanayoyasikia misikitini tangu utotoni. Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie imo katika Bukhari na Muslim. Nchi nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Dini na sheria zote zimekwishasema. Barazani ndiko wanakokataa kusikia.

Lipo lile la “mzee huyo, mwache apumzike”. Miaka 13 ya paka, kwa makadirio ya madaktari, inakaribia 68 ya binadamu. Ni umri wa wengi waliokuwa pale barazani, na hakuna anayewaambia wasitibiwe. Paka anayetunzwa ndani hufika 15 na kuzidi. Creme Puff, paka wa Austin, Texas, alizaliwa mwaka 1967 akafa 2005, miaka 38. Uzee si ugonjwa, ila unadai uangalizi zaidi: viungo vimekakamaa, kidonda hufunga polepole, na figo, ambazo kwa paka waliovuka miaka 10 mara nyingi zimeanza kuchoka, hazivumilii kukaukiwa maji.

Lawama nyingine ni ya kliniki zenyewe. Karatasi aliyopewa mwalimu wakati wa kumchukua paka ilikuwa ya Kiingereza tupu, imejaa vifupisho vya kidaktari. Yeye kasoma, akaelewa nusu na kuuliza nusu. Mwuza samaki aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni naye angeondoka na karatasi kama hiyo, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, na kurudi nyumbani kusikiliza ya barazani. Kliniki yoyote inayopasua wanyama katika nchi hii iandike kwa Kiswahili: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, mshono ukiwa mwekundu, ukivimba, ukinuka au ukitoa maji, arudishwe, asipokula siku nzima, arudishwe, nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, dawa ya binadamu ni marufuku. Na chini kabisa iwekwe namba ya simu inayopokelewa usiku.