Kuahirisha mtihani si kushindwa

Na Rehema Mkwizu

Mitihani ya mwisho wa muhula, ambayo wanafunzi wenyewe hawaiiti kwa jina lingine ila UE, imeanza katika vyuo vyetu vingi. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta vimejaa tangu alfajiri. Kwa asiyevijua, ni meza na mabenchi ya zege yaliyotapakaa chini ya miti, na msimu huu kimbweta cha watu wanne kinabeba saba, desa, yaani nakala ya notisi, limechanwa katikati ili wawili walisome kwa wakati mmoja. Saa saba usiku bado wapo. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu amelaza kichwa juu ya daftari na hakuna anayemwamsha, maana wanajua kesho ana pepa mbili.

Juhudi hiyo naiheshimu sana. Lakini wiki hii nataka tumzungumzie yule ambaye hayupo kimbwetani. Yuko hosteli, amegeukia ukutani, hajala chakula cha maana tangu juzi, simu ameizima. Wenzake wanadhani anapiga msuli, yaani anasoma, kivyake.

Mzigo wa vijana hawa si wa masomo peke yake. Katika vyuo vingi mtihani wa mwisho hubeba alama 60 kati ya 100, kwa hiyo saa mbili au tatu za asubuhi moja zinaamua zaidi ya kazi yote ya muhula. Ukifeli unakula sup, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli na sup unabeba carry, yaani unalirudia somo baadaye, na mambo yakizidi unadisko, unaondolewa chuoni, unafungasha. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo akidisko, masomo yanakoma lakini deni linabaki palepale. Halafu UE ina tabia ya kuangukia wakati bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, limekwisha, na kijana anapiga pasi ndefu: chai asubuhi, kisha hakuna kitu mpaka usiku. Mwili wenye njaa ukichanganywa na kichwa chenye hofu, hapo hata swali alilolijibu vizuri wiki iliyopita analisoma mara tatu bila kulielewa.

Juu ya hayo kuna sisi wazazi. Tunapiga simu usiku wa kuamkia mtihani kusema, "Mwanangu usituangushe, ukoo mzima unakutegemea wewe." Tunadhani tunamtia moyo. Tunamwongezea gunia kichwani.

Hofu ya kawaida haina ubaya, ndiyo inayomwamsha mtu asome. Ninayoisema hapa ni ile inayomnyima mtu usingizi siku kadhaa mfululizo, inayofanya moyo wake uende mbio akiwa amekaa tu, inayomtapisha asubuhi ya pepa, inayomliza bila yeye kujua analia nini. Hiyo inahitaji daktari. Na kama ameanza kusema afadhali nife, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache; apelekwe hospitali saa hiyohiyo, pepa itasubiri.

Pepa kweli inaweza kusubiri, na hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Kanuni za vyuo vyetu zinamruhusu mwenye sababu ya msingi, kama ugonjwa au msiba, kuomba kuahirisha mtihani. Akikubaliwa, anafanya mtihani maalumu baadaye, na unahesabika kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, kwa hiyo A anaweza kuipata. Yule aliyejikaza akaingia akiwa hoi, akafeli, anapewa sup, na katika vyuo vingi alama ya sup haivuki C hata ajibu kila swali. Tofauti hiyo inabaki kwenye GPA yake, wastani wa alama zake, na GPA ndiyo anayotembea nayo akitafuta kazi.

Sharti lake kuu ni moja: uombe kabla hujaingia chumba cha mtihani. Binti wa jirani yangu alilijua hilo akiwa amechelewa. Alimzika baba yake Songea, akapanda basi, akafika Dar es Salaam usiku, asubuhi akaingia kwenye pepa. Aliandika namba yake ya usajili, akaitazama karatasi mpaka muda ukaisha. Matokeo yalipotoka alikwenda idarani na barua ya mtendaji wa kijiji mkononi. Akajibiwa, "Ungesema kabla. Ukishaingia umekubali kuwa uko sawa." Hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo kabla, si mhadhiri, si CR, yaani kiongozi wa darasa lake, si mimi niliyemtumia rambirambi.

Naelewa kwa nini kanuni iko hivyo. Bila sharti hilo, kila aliyefeli angejitokeza na cheti cha daktari. Lakini kanuni iliyofichwa ukurasa wa arobaini wa kitabu ambacho mwanafunzi alikabidhiwa siku ya kwanza, akiwa anatafuta godoro, haimsaidii mtu. Ibandikwe pale pale inapobandikwa ratiba ya UE, kwa Kiswahili, mistari mitano: uende ofisi gani, na barua gani, kabla ya lini. Mhadhiri aitamke katika kipindi chake cha mwisho. Serikali za wanafunzi, DARUSO kwa Mlimani na wenzao kwingineko, zinajua kuzisambaza habari za bumu ndani ya dakika kumi. Hii nayo waisambaze kwa kasi hiyohiyo.

Msaada mwingine upo ila watu wanauonea haya. Vyuo vingi vina ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wengi wanaamini ni mahali pa kuitwa ukiwa na kesi, kumbe hata aliyeelemewa tu anapaswa kupokelewa pale. Zahanati ya chuo nayo si ya malaria pekee. Bima uliyoilipia ni ya mwili mzima, kichwa kikiwemo, na karatasi ya daktari ndiyo itakayolipa nguvu ombi lako la kuahirisha.

Kwa walio wazima na wanaokesha, nina neno fupi. Ubongo huhifadhi ulichosoma ukiwa umelala, kwa hiyo anayefuta usingizi usiku wa mwisho anajipunguzia kile alichokihangaikia muhula mzima. Funga desa, jiulize mwenyewe, jibu kwa maneno yako, kisha kalale.

Na ukimkosa mwenzako kimbwetani siku mbili, nenda kagonge mlango wake. Usimwulize amefika topiki ya ngapi, muulize amekula nini. Mpelekee chakula, kaa naye, na kama hali ni mbaya mfuateni mshauri pamoja siku hiyohiyo, maana mtu aliyechoka kiasi hicho hawezi kuandika barua peke yake.

Mzazi, leo usiku mpigie mwanao. Matokeo yaache. Mwambie kwamba hata akiahirisha pepa, hata akirudi na sup, nyumbani ni kwao na chakula chake kipo.